Wiki ya Ziada ya Kina Grade 10

Mimi naitwa Kemuma, lakini kwa kina Bethwel, mume wangu, hakuna aliyeniita Kemuma tangu nizae. Naitwa Mama Kipruto. Ni Mkisii wa upande wa Keroka, nikaolewa kwa Wakipsigis kule juu ya Litein, na kama kuna mtu anataka kunicheka kwa hilo, apange foleni nyuma ya ndugu zangu. Wao walianza zamani.

Kipruto ni mtoto wangu wa pekee. Alimaliza Grade 9, shule ikafungwa, likizo ndefu ikaanza, na kabla sijamzoea nyumbani shangazi zake wakaja wakiimba na usiku huo akaingia jandoni. Sikukataa. Alikuwa amefika umri, na angengojea Desemba nyingine wenzake wangemcheka. Baba yake angekuwepo angefurahi. Mimi nilipika, nikagawa chai, nikacheza pale walipocheza. Niliona mikono yangu ikipiga makofi.

Tangu Bethwel afe nilikuwa hivyo. Siku ya kumzika sikulia, na watu wa kanisa wakasema huyu mama ana imani. Imani gani? Ni kama mguu umeukalia vibaya ukafa ganzi. Unajua ni wako, unauona, lakini ukiufinya hausemi kitu. Miaka miwili nilitembea hivyo, nikichuma chai, nikienda kanisani, nikijibu salamu.

Sasa, kwa Wakipsigis kijana akishaingia, mwanamke haruhusiwi kumwona mpaka atoke, na wa kwanza kutomwona ni mama yake. Nyumba yao, ile wanaiita menjo, ilijengwa kule chini karibu na mto, ndani ya miti ya blugamu, ng'ambo ya chai yetu. Kutoka mlango wa jikoni niliona moshi wake. Moshi hawakukataza. Kila jioni nilipika ugali, nikajaza maziwa ya mursik kwenye kibuyu, na shemeji yangu Benard akaja kuchukua. Sufuria ikirudi imekombwa nilijua mtoto anakula. Ikirudi na ukoko nilijua siku hiyo walifinywa mpaka hamu ya kula ikaisha. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu. Kwetu Kisii kijana hukaa ndani siku chache tu, na hata akiwa ndani utamsikia akiitisha ndizi. Lakini kila mtu na kwao.

Mwezi wa kumi na mbili ukaingia na simu ikalia. Alikuwa Rebeccah, yule mama wa Nairobi anayepeleka watu Saudia. Nilikuwa nimempelekea karatasi zangu tangu mashine za kuchuma chai ziingie kwenye estate na sisi tukaambiwa asanteni kwa kazi nzuri. Nilisubiri, nikasubiri, mpaka nikasahau. Kumbe yeye hakusahau. Visa imetoka, anasema. Kazi ya nyumba, Riyadh, mkataba wa miaka miwili. Tunaruka wiki ileile shule zinafunguliwa Januari.

Nikasema sawa. Nikaenda kukamua ng'ombe.

Kipruto hakujua. Angejuaje, na yuko mtoni? Lakini hesabu yangu ilikaa vizuri. Wazee walikuwa wamesema vijana watatoka mara tu baada ya Mwaka Mpya, ili wapate siku kidogo za kutembea na kununuliwa sare kabla ya kwenda bweni. Siku hizo kidogo ndizo nilizozitaka. Sikutaka kingine likizo hiyo yote. Nilitaka kukaa na mtoto wangu kwenye benchi ya jikoni, nimwambie kwa mdomo wangu kwamba naenda, naenda wapi, na kwa nini.

Nitakwambia sababu. Baba yake alipokufa, Kipruto alikuwa shuleni. Sisi huku tulikuwa bado tunaulizana nani aende kumwambia, ndugu huyu au yule, na tukiulizana hivyo habari ikatangulia kwa simu, mwalimu wa zamu akamsimamisha mbele ya darasa na kumwambia pole kijana, baba yako hayuko tena. Alirudi nyumbani peke yake na begi mgongoni. Alinipata uani, akaniangalia tu. Niliapa siku hiyo kwamba habari nyingine kubwa ya nyumba hii ataisikia kutoka kwangu, na si kwa mtu mwingine yeyote.

Halafu redio ikasema maneno yake. Shule zitafunguliwa Jumatatu ile, lakini hawa wa Grade 10, kwa sababu ni wa kwanza wa mtaala mpya na mambo yao hayajakaa sawa, watafungua wiki moja baadaye. Wavulana wa menjo yetu wote walikuwa darasa moja. Wote walikuwa wanaenda Grade 10.

Jioni Benard akaja kuchukua sufuria akiwa anatabasamu.

“Mama Kipruto, umesikia retio?”

“Nimesikia.”

“Vijana wamepata pahati. Wiki moja ya juu.”

Benard akisema bahati inatoka pahati, na mimi nikisema lori inatoka rori, kwa hivyo tumelingana, hatuchekani. Ni mtu mzuri. Tangu ndugu yake afe amenilimia shamba bila kuombwa. Lakini jioni hiyo nilitamani kumpiga na mwiko.

“Wamepata bahati gani?” nikamuuliza.

“Wasee wamesema wakae. Watoke Jumamosi, waende shule Jumatatu. Safari hii watafunzwa mpaka waive.”

Nikaweka mwiko chini. Jumamosi hiyo mimi ningekuwa Riyadh, nafagia nyumba ya watu.

“Shemeji,” nikasema, “hiyo wiki Serikali imepatia wazazi. Wanunue masanduku, watafute magodoro. Haikupatia menjo.”

“Likizo ya Tesemba ni ya menjo toka samani. Zile za Aprili na Agosti ndizo zenu wamama.”

“Ya Aprili inaisha nikifua nguo zake.”

“Sasa mimi nifanye nini? Ni mimi niliandika?” Akakaa kwenye benchi. “Wakati wa korona waliharakishwa, shule zikafunguliwa kama moto unawaka, vijana wakatoka bila kujua kitu. Mpaka leo wanaitwa nusu muhula. Mtu ana ndevu, ana gari, lakini akisimama kwa mkutano kuongea wanamwambia, kaa chini, nusu muhula. Unataka Kipruto aitwe hivyo? Haraka haraka haina baraka.”

“Na chelewa chelewa utapata mwana si wako,” nikamwambia.

Alicheka, lakini kwa upole. “Mama Kipruto, akitoka kule hatakuwa mwana. Atakuwa mwanaume. Ndiyo maana tulimpeleka.”

Habari ya Saudia alikuwa anaijua, kwa hivyo nilimwomba. Mimi si mtu wa kuomba, muulize yeyote, lakini niliomba. Nisimame ng'ambo ya mto, niseme nikiwa nyuma ya chai, asinione, nisimwone. Akakataa. Mama akisogea pale, akasema, wenzake watamtungia wimbo na atauzeekea. Na kama mama yake atamwona na mavazi yale ya menjo, hapo ni mambo ya wazee kukaa chini upya, na shule itafunguliwa bila yeye. Nafasi ya Grade 10 aliyopata ni shule kubwa, ile inayoringiwa kuanzia Mulot mpaka Londiani. Haingojei mtu.

“Nipe maneno,” Benard akasema. “Nitayapeleka. Lakini siku ile unaenda, si kabla. Nisimharipu kichwa.”

Nilikaa na hayo Krismasi nzima. Nilitaka kukasirika vizuri, kama mtu, lakini hasira ilikuja ikaishia shingoni. Nilifunga sanduku la shule la Kipruto. Niliandika jina lake kwa rangi kwenye godoro. Nilinunua sare ya kukadiria, maana sikuwa na mtu wa kumpima, na fundi akaniuliza kijana ana urefu gani nikanyoosha mkono hewani, hivi. Fundi akaongeza kidogo. Akasema hawa wa jandoni hurudi wamerefuka.

Siku yangu ilipofika, Benard alipita asubuhi akienda kukamua. Nikampa maneno. Nilikuwa nimeyatafuta wiki mbili na mwishowe nikachukua yale ya kila siku.

Yaelewe vizuri, kwa sababu hapa ndipo mambo yaliharibika. Kipruto akiwa shule ya msingi walitaka watoto wafike darasani kabla jua halijatoka, eti masomo ya asubuhi, na kwa sisi wa estate kengele ilikuwa mapema kuliko yao. Kwa hivyo kila siku, giza bado, nilimgusa mguu juu ya blanketi nikamwambia neno moja: natangulia. Alijua maana yake. Uji uko kwa chupa ya chai, funga mlango, usichelewe, nitakupata jioni. Lilikuwa neno letu. Nilifikiri akilisikia atajua ni mimi nimelituma, na atajua ni safari tu, na kwamba mtu anayetangulia hivyo hurudi.

“Mwambie hivi,” nikamwambia Benard. “Mama anatangulia. Basi. Ataelewa.”

“Anatangulia,” Benard akarudia, akashika ndoo yake akaenda.

Nilioga, nikavaa. Mama mkwe wangu, tunayemwita Kogo, alinisindikiza mpaka barabarani. Barabara yetu ni ya mchanga, inapita kati ya chai na ua wa mzee jirani. Tukasimama pale na begi langu tukingoja mtu wa bodaboda anifikishe kwenye lami, nikapande gari la Nairobi. Kogo alinishika mkono. Aliniombea kwa Kikipsigis, sala ndefu, nikasema amina pale aliposimama kupumua. Kulikuwa na jua zuri. Niliangalia moshi wa kule chini na nikajaribu kuhisi kitu. Nilihisi kwamba kiatu kinabana.

Kwanza niliona wanawake waliokuwa wakichuma chai upande wa chini wakiangusha vikapu. Mmoja akageuka, mwingine akachuchumaa akajifunika na kitambaa cha kichwa. Nikadhani ni nyuki. Kogo akaelewa kabla yangu.

“Funika uso,” akasema. Hakupiga kelele. “Funika, mama, ni wetu.”

Nilikuwa na leso mabegani. Niliivuta juu ya kichwa, nikaishika chini ya kidevu, na dunia ikawa maua mekundu na mwanga. Nikasikia chai inavunjika. Mtu alikuwa anakimbia kupanda mteremko bila kufuata njia, anakata katikati ya mimea. Halafu miguu ikagusa mchanga na ikasimama mbele yangu. Nikasikia anavyohema. Alinuka moshi na mafuta ya ng'ombe.

“Mama,” akasema.

Sauti haikuwa yake. Ile nyembamba niliyompeleka nayo haikuwepo. Lakini ni mtu mmoja tu duniani anaweza kuniita neno hilo, kwa hivyo alikuwa ni yeye.

“Umefuata nini huku?” nikamuuliza. Ndiyo maneno yaliyotoka. Mtoto sijamwona likizo nzima na ninamgombeza.

“Chepyegon amesema umetangulia.”

Chepyegon ndiye mwalimu wao wa menjo. Benard alikuwa amempa ujumbe wangu pale kwenye zizi, Chepyegon akauingiza ndani, na kwa kupita kinywa cha huyu na cha huyu ule *anatangulia* wangu ukafika ukiwa *ametangulia*. Siku tunamzika Bethwel pasta alisimama juu ya kaburi, na kila alipofika mahali pa kusema amekufa alisema ametangulia. Ndugu yetu ametangulia. Ametutangulia, nasi tutamfuata. Kipruto alikuwa amesimama karibu na pasta, kwa suti ya kuazima.

“Nikamuuliza ametangulia wapi,” Kipruto akasema. “Akasema ameenda mbali, usilie, kaa kama mwanaume. Mama, nikajua umekufa kama baba.”

“Na ukatoroka.”

“Nilitaka nikukute kabla hawajakuzika.”

Hapo mguu wangu uliokufa ganzi uliamka. Unajua unavyoamka, haufurahishi. Ulianzia tumboni ukapanda mpaka kwenye meno, na nikalia ndani ya leso kwa miaka miwili yote, bila sauti, kwa sababu nilikuwa na kazi ya kufanya na dakika zenyewe ni chache. Benard na wenzake wangefika wakati wowote.

“Sikiliza,” nikasema. “Mimi natangulia Saudia, si kaburini. Nimepata kazi ya nyumba. Miaka miwili. Ndege ni leo. Visa ilitoka ukiwa ndani na wamenikataza kukuona, na hii wiki yenu ya redio ndiyo imenila. Nilitaka kukuambia mimi mwenyewe. Sanduku lako liko chini ya kitanda changu, godoro nimeandika jina, Benard atakupeleka Jumatatu. Sare ikikubana fundi ameacha pindo. Umesikia?”

“Nimesikia.”

“Rudia.”

Akarudia. Saudia, miaka miwili, sanduku, godoro, Benard, pindo. Alirudia kama alivyokuwa akirudia vitu vya dukani akiwa mdogo, na mahali pa miaka miwili sauti ile mpya ikakatika, ikatoka ya zamani.

“Utakuja likizo?” akauliza.

“Huko hawana likizo.”

Upepo ukapeperusha leso na mimi nikaikaza. Kogo alikuwa amegeukia ua, nilimsikia akiongea na Mungu pole pole.

“Mama, toa leso,” Kipruto akasema. “Hakuna mtu. Kogo haangalii. Niangalie tu mara moja, halafu nirudi. Sitasema.”

Nilitaka. Sitadanganya hapa, nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka chakula. Mkono wangu ulikuwa umeshika pindo tayari. Miaka miwili nitaosha vyombo vya watu na kila nikifumba macho nitaona mtoto wa Novemba, yule wa sauti nyembamba, ambaye hata sasa hayupo tena. Huyu hapa simjui uso. Lakini alikuwa ametoka mbio kwa ajili ya kifo, na hilo wazee wangelielewa, kwa sababu hata wao wana mama. Kutazamwa na mimi wasingelielewa. Asingeweza kunidanganyia pia, Kipruto hajui kudanganya, angeulizwa mara moja tu na angesema ndiyo, aliniona. Na shule ingefunguliwa bila yeye, na mimi ningekuwa nimeenda Saudia bure.

“Hapana,” nikasema.

“Mama.”

“Nimesema hapana. Simama hapo hapo.”

Walikuwa wamesema nisimwone. Habari ya kumgusa hakuna aliyeitaja, na mimi ni Mkisii, sheria zao nazijua zile nilizoambiwa tu. Nikatoa mkono chini ya leso nikaupeleka mbele, macho nimefumba, pale kilipo kichwa chake, hivi, kama nilivyomwonyesha fundi.

Kichwa hakikuwepo. Niligusa kifua.

Labda alikuwa amesimama upande wa juu wa mteremko, sijui. Kilikuwa kifua kigumu, kimekonda, na moyo ndani yake ulikuwa bado unakimbia. Nilipapasa kupanda, shingo, kidevu, nikafika kwenye shavu lililolowa. Hakusogea. Alikuwa ameinama kidogo ili nimfikie.

“Sawa,” nikamwambia. “Sasa nimekujua. Rudi.”

Akarudi. Nilisikia chai ikivunjika tena kushuka, na mbali kidogo sauti ya Benard ikiita, na ikinyamaza baada ya kumpata. Bodaboda ikaja. Kijana wa bodaboda akafunga begi langu nyuma bila kuuliza kwa nini mteja wake amejifunika kichwa chote mchana, akanishika kiwiko kunipandisha. Kogo akasema kitu, nikasema amina.

Nilitoa leso tulipofika lami.